Fundi Aliyesikiliza Injini Kutoka Getini

Siku tuliyomzika Fundi Uzi, watu walipokezana kumsifu. Mwenye duka la spea alisema marehemu hakuwahi kuacha nati ikilegea maisha yake yote. Jirani yake akasema marehemu alikuwa mtu wa kweli, neno lake lilikuwa moja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na makoleo. La nati ni kweli tupu. Hilo la neno moja wangeniuliza mimi.

Jina la Uzi alilipata kwa uzi wa kushonea viatu aliouzungusha kwenye kijiti na kuutia kwenye mfuko wa shati. Mafundi wengine wa pikipiki walikuwa na vipimo vya chuma. Yeye alinyoosha uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, akafumba jicho moja, akasema, "Hapa panadanganya." Na kweli pangekuwa panadanganya. Mwenyewe alikuwa mwembamba vilevile, hata watu wakatania kwamba hawajui jina limetoka mfukoni au mwilini. Aliwahi kuoa. Mke akaondoka akisema hawezi kulala na mtu anayenuka petroli hata akitoka kuoga. Uzi hakumfuata. Alisema, "Pua yake haina kosa."

Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya vyumba viwili alivyoishi. Paa la mabati, sakafu ya saruji iliyokuwa nyeusi kwa oili, na geti la chuma lililofungukia moja kwa moja barabara kubwa ya malori.

Sisi tulimjua kwa ajili ya pikipiki. Mume wangu alikuwa fundi wa vioo vya madirisha, na kioo hakibebwi nyuma ya pikipiki kama gunia. Kwa hiyo pikipiki yetu ilikuwa na kigari cha ubavuni, kile kitanda kidogo chenye gurudumu moja kinachofungwa pembeni. Mimi nilikaa ndani ya kigari, vioo vimesimama kati ya magoti yangu, vimefungwa blanketi. Miaka kumi na miwili tulikwenda hivyo. Watu walituita Bwana na Bibi Dirisha.

Jambo moja ni lazima nilieleze sasa hivi, bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Pikipiki yenye kigari haianguki ikisimama. Ina magurudumu matatu. Basi mume wangu alipotaka kusubiri njia hakushusha mguu chini kama waendeshaji wengine. Kwa nini ashushe? Alikaa kama mtu aliye sebuleni kwake, miguu juu, anasubiri. Miaka kumi na miwili mguu wake haukugusa barabara.

Ndiyo maana Fundi Uzi alikuwa na sheria. Pikipiki ya mtu ikifunguliwa kigari, mwenyewe haruhusiwi kuipanda mpaka kigari kirudi. "Miguu yenu imesahau," alikuwa akituambia. "Mikono inakumbuka, miguu ni mijinga."

Mwaka ule injini ilianza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Tukaipeleka. Mume wangu akauliza kama kigari kinaweza kubaki.

"Hakibaki," Uzi akasema. "Bolti ndefu inayoshika injini ndiyo hiyohiyo inayoshika mguu wa mbele wa kigari. Hawa wanalala kitanda kimoja. Ukimwamsha mmoja, na mwenzake ataamka."

Ufunguo wa pikipiki niliutunza mimi, nimeufunga kwenye pindo la nguo, kwa sababu mume wangu alikuwa bingwa wa kupoteza vitu. Mtaa mzima ulijua hivyo na ulimcheka. Siku ile niliufungua pindoni nikamkabidhi Fundi Uzi mkononi. Nakumbuka vidole vyake vilikuwa na grisi, akaupokea kwa kitambaa.

Siku ya nne nilikuwa nyumbani nafua nguo za mtoto. Tulikuwa na binti mmoja, umri wake miaka minne. Wakaja kuniita mbio. Nilipofika getini kwa Uzi nilikuta watu wameshamfunika mume wangu. Pikipiki ilikuwa imelala barabarani, haina kigari. Lori la mchanga lilikuwa limesimama mbele kidogo, na dereva wake amekaa chini anajipiga kichwa kwa viganja.

Mama mkwe alifika jioni ileile. Hakulia. Alimwendea Uzi pale kwenye benchi la getini akamwuliza, "Nani alimpa mwanangu pikipiki bila kigari?"

Uzi akatazama mikono yake. Akasema, "Ufunguo alikuwa nao mkewe."

Maneno manne. Nilisema, "Fundi!" Hakuinua macho. Nikasema tena, "Fundi, sema kweli." Akainuka akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama mkwe akanigeukia. "Ulikuwa na haraka gani, we mwanamke? Vioo vingeoza?"

Niliapa, nikapiga magoti, nikaeleza mpaka sauti ikakauka. Nani atamsikiliza mjane? Fundi hana sababu ya kusema uongo, mjane anazo mia. Kabla machozi hayajakauka nilikuwa nje na furushi la nguo zangu. Binti yangu alibaki. "Mtoto hatalelewa na aliyemuua baba yake," mama mkwe alisema, na shemeji zangu wote wakaitikia kwa vichwa kama waliofungwa kamba moja.

Nikaenda kufua mashuka ya nyumba ya wageni, upande wa pili wa mji. Nimefua mashuka ya watu miaka kumi na tisa. Binti yangu nilimwona mara chache, kwa mbali. Alipokuwa na miaka kama kumi nilimkuta sokoni na bibi yake. Nilimwita. Akajificha nyuma ya bibi, akasema, "Bibi, ni yule." Sikumwita tena.

Na Uzi aliendelea na uzi wake. Pikipiki ilibaki kwake, kwa sababu mama mkwe alisema hataki kuiona, ifie hukohuko. Aliitengeneza, akairudishia kigari, akaitumia kubebea vyuma vyake. Watu wanasema hakuna aliyemwona tena akiipanda ikiwa haina kigari. Wakaona ni mtu mwangalifu.

Mwaka jana mwenye duka la spea akaniletea ujumbe kwamba Fundi ananiita. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaenda, kwa sababu nilikuwa nimefikiri la kumtaka.

Nilimkuta kwenye kibao chake. Macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe.

"Shemeji," akasema.

"Usiniite shemeji. Ushemeji uliishia getini kwako."

"Basi nikuite nani?"

"Usiniite. Sema ulichoniitia."

Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Injini inagonga. Na mimi uzi siuoni tena. Nimewaita mafundi wa siku hizi wawili. Mmoja anashika spana kama kijiko cha chai. Wa pili ameniuliza kigari ni cha nini."

"Mimi ni dobi."

"Hakuna mwingine aliye hai aliyewahi kunishikia ubao nikipima."

Ni kweli. Sikusoma, hata jina langu naliandika kwa kubahatisha, lakini mkono wangu ukishashika kazi haukisahau kilichofanyika. Kila mara kigari kilipotolewa zamani, mimi ndiye niliyeshika ubao.

Nikamwambia sharti langu. Twende kwa binti yangu, na mbele yake aseme ufunguo ulikuwa kwa nani. Sikutaka kitu kingine duniani. Nyumba sikuitaka, wala kuombwa radhi na shemeji zangu. Nilitaka mtoto wangu ajue kwamba sikumuua baba yake.

Uzi alifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, "Tukimaliza."

"Tukimaliza lini?"

"Kigari kikirudi mahali pake. Kule kwake ni mlimani, miguu hainifikishi. Nipeleke na hii."

Nilijua anavuta muda. Mtu akitaka kuchelewa, hakuna kitu kizuri kama nati nne zenye kutu. Lakini nimengoja miaka kumi na tisa. Siku chache zingenifanya nini?

Tukaanza asubuhi. Pikipiki tuliisimamisha kwenye stendi yake ya kati. Chini ya kigari nikasukuma matofali na kipande cha mbao, ili kisidondoke kikifunguliwa. Nikachomoa waya wa taa. Nikamwaga mafuta ya taa kwenye maungio manne, mawili ya juu na mawili ya chini, tukasubiri yalambe kutu. Uzi alikaa pembeni akiniongoza kwa sikio.

"Hiyo ya juu nyuma, zungusha. Basi, basi! Inalia vibaya, rudisha kidogo. Sasa twende."

"Unasikia kutu?"

"Kutu inasema kuliko mke."

"Ndiyo maana wako aliondoka, alikosa zamu ya kusema."

Akacheka. Na mimi nilikaribia kucheka, nikajikasirikia.

Maungio yakaachia moja baada ya jingine. Nikakivuta kigari pembeni, kikabaki kimeinama juu ya matofali. Pikipiki ikasimama peke yake. Nilikuwa sijaiona hivyo tangu siku ile barabarani. Nadhani Uzi naye aliihisi, maana alinyoosha mkono akapapasa ubavu uliokuwa mtupu, kisha akakaa sakafuni, kwenye oili.

"Nilitaka kuisikia," akasema.

"Kuisikia nini?"

"Injini. Siku ile. Nilikuwa nimetia pistoni mpya, ringi, vali, kila kitu. Ukiwa juu ya pikipiki unasikia upepo na matako yako tu. Injini husikika ukiwa chini, mbali kidogo, inapokwenda na inapokuja. Sikuwa na mtu wa kuiendesha. Mumeo akaja kuuliza imefikia wapi. Nikampa ufunguo. Nikamwambia, nenda mpaka kwenye kona, urudi."

Spana ilikuwa mkononi mwangu.

"Nikasimama getini nimefumba macho."

"Ulifumba macho?"

"Ili nisikie. Ilikuwa inalia vizuri. Sijapata kusikia injini inalia vizuri vile, kabla wala baada. Akarudi. Nikamsikia anapunguza, anasimama katikati ya barabara asubiri njia ya kuingia hapa. Nikafumbua macho. Alikuwa ananichekea kwa furaha. Miguu iko juu."

Yaliyobaki niliyajua. Mume wangu aliegemea upande ambao kwa miaka kumi na miwili ulikuwa na kitu cha kumshika. Upande huohuo ndio lori lilikuwa linapita.

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Mama yake alikuja na yale macho. Nikadhani nasukuma saa moja tu mbele, kesho nitarekebisha. Kesho ikawa mazishi. Keshokutwa ulikuwa umeshaondolewa. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana."

"Kwako ilikuwa ngumu?"

"Kwangu," akasema. Hata haya hakuona.

Nilitamani kumpiga na ile spana. Badala yake nikafungua bolti ndefu. Labda ningempiga, leo ningekuwa na usingizi mzuri zaidi, sijui. Nilifungua bolti, nikatoa cheni, nikachomoa waya wa klachi na bomba la moshi, tukaishusha injini juu ya gunia, yeye ameshika huku, mimi huku, kama watu wanaomlaza mgonjwa.

Kazi ya injini ilichukua siku tatu. Kila asubuhi nilitoka kwa mashuka nikaenda kwa Uzi. Alizipapasa ringi kwa ukucha wa kidole gumba, akaniambia hii imekwisha, hii inadanganya kuwa nzima. Alikuwa fundi, siwezi kumnyima hilo. Alijua mengi, na yote alinifundisha kwa upole. Ndicho kilichoniuma. Angekuwa mtu mbaya wa kila siku ningemchukia nikapumzika.

Siku ya mwisho tukarudisha kigari. Hapo ndipo penye kazi hasa. Gurudumu la kigari haliwi sawasawa na magurudumu ya pikipiki. Mbele linaingia ndani kidogo, unene wa vidole viwili, la sivyo pikipiki itavuta upande mmoja mpaka mikono ife. Na pikipiki yenyewe lazima iinamie nje kidogo, kama mtu anayebeba ndoo. Unaweka ubao mnyoofu kando ya magurudumu ya pikipiki, mwingine kando ya gurudumu la kigari, unapima mbele, unapima nyuma. Na kipimo hakifai kigari kikiwa kitupu. Lazima akae yule atakayesafiri ndani yake, uzito wake uwemo, ndipo ukaze.

Kwa hiyo Uzi aliingia ndani ya kigari, pale nilipokuwa nikikaa na vioo. Alinipa uzi. Nikaunyoosha, nikafumba jicho.

"Unaonaje?" akauliza.

"Nyuma panadanganya."

"Legeza ya juu, sukuma, kaza."

Nikakaza. Nilipofika nati ya chini ya mbele, nilishika spana nikatulia. Nilifikiri, nati moja tu. Mlima ule una mteremko upande wa pili. Nani angejua? Fundi kipofu na dobi.

"Hiyo ya chini umeikaza?" akauliza.

"Kwani unaogopa?"

"Naogopa."

"Vizuri." Nikaikaza mpaka spana ikakataa.

Tukaondoka mchana. Niliendesha mimi, kama mume wangu alivyonifundisha zamani, yeye akakaa ubavuni ameshika ukingo kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha upande wa injini. Njia nzima hakusema kitu, ila mara moja tu: "Vali zinaongea vizuri."

Binti yangu ni fundi cherehani. Anakaa vyumba viwili, cherehani imewekwa karibu na mlango kupata mwanga, na chumba cha ndani kina pazia. Nyuma ya pazia ndiko alikolala bibi yake, mama mkwe wangu, amezeeka, hatoki tena, lakini masikio yake mazima kuliko yangu.

Aliponiona alisimama. Mrefu kama baba yake. "Shikamoo, babu," akamwambia Uzi. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini: "Bibi yuko ndani. Tafadhali, asije akakusikia."

Uzi alishika fremu ya mlango. Nilidhani atazunguka, ataanza na hali ya hewa. Hakuzunguka.

"Mwanangu," akasema, "ufunguo nilikuwa nao mimi. Mama yako aliniachia siku nne kabla. Baba yako nilimtuma mimi, nisikilize injini. Nilimwongopea bibi yako. Mama yako hakufanya kitu."

Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua nati moja. Nilihesabu miaka yangu nikaona imetoshea ndani ya pumzi chache za mzee.

Binti yangu akakaa. Mguu wake ulikuwa kwenye pedali, ukakanyaga, cherehani ikaenda bila kitambaa. Akaniuliza mimi, "Bibi aliniambia ulikimbia. Kwamba hukutaka kunichukua."

"Nilifukuzwa. Nilikuomba, wakanikatalia."

Akaniamini. Niliona hasa jambo lilipomwingia, uso ukamvunjika, akaziba mdomo kwa kiganja asitoe sauti.

Uzi akaanza kupapasa kuelekea kwenye pazia. "Ngoja nimwambie na mama wa marehemu. Nimalize kabisa."

Binti yangu akaruka akamshika mkono wa shati. "Babu, hapana. Nakuomba. Hapana." Alikuwa anazungumza kwa kunong'ona. "Alimzika mwanawe, akabaki na mimi. Alinibeba, akanyimwa usingizi na homa zangu, kila kitu alichonacho ni hicho. Akijua alimfukuza mama yangu bure, atakufa na hilo. Mwacheni aende hivyohivyo."

"Na mimi niende vipi?" nikasema.

Hakuuachia mkono wa shati la Uzi. Yule bibi ndiye aliyemlea. Nilimtazama mtoto wangu nikaona amelelewa vizuri, mwenye huruma, na huruma hiyo sikuifundisha mimi. Hilo pia walinipokonya.

Uzi alirudi nyuma polepole. Alisema, "Basi mimi nimeshasema," akatoka nje.

Pazia likatoa sauti. "Nani huko?" Sauti ileile, ya getini, ila imekonda.

Binti yangu akanitazama. "Mteja, bibi!" akaita. "Amekuja kupimwa gauni."

"Mpime basi. Usisimamishe watu."

Akachukua futi ya kitambaa shingoni mwake. Akanipima mabega. Akanipima mkono, kutoka begani mpaka kwenye kifundo, na vidole vyake vikasimama pale kwenye ngozi iliyochubuliwa na sabuni. Kisha akanizungushia futi kiunoni, na ili aizungushe ilibidi anikumbatie. Alikawia hapo. Niliisikia pumzi yake kwenye shingo yangu. Tulisimama hivyo, sisi wawili, kimya, mpaka bibi akauliza kutoka ndani kama mteja ni mnene mno au vipi, na binti yangu akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Wa kawaida tu, bibi." Hakuandika kipimo hata kimoja.

Nje nilimkuta Uzi amelala ndani ya kigari, mdomo wazi, kama mchukuzi aliyetua gunia. Niliwasha pikipiki nikamrudisha. Hakuamka mpaka getini kwake. Aliishi wiki tisa baada ya hapo, na jirani yake aliniambia alikuwa akilala vizuri.

Pikipiki amebaki nayo mwenye duka la spea. Mama mkwe bado yuko hai. Kila mwezi, siku ambayo nyumba ya wageni haina mashuka mengi, naenda kupimwa. Nina magauni sita sasa. Binti yangu kila mara anaanza upya, mabega, mkono, kiuno, kama fundi aliyesahau.